Kwa nini mwenye pumu mtaani Umoja hafai kuacha kukimbia

KABLA ya jua kuchomoza, wakazi wa Umoja waliovalia viatu vya michezo huanza mbio zao kandokando ya Barabara ya Outer Ring, wengine wakielekea Donholm na wengine upande wa Kariobangi. Wako wanaopendelea kupitia Moi Drive na kurejea nyumbani mapema, waoge na kuwahi matatu ya kwenda mjini kabla nauli haijapanda.

Wasioonekana katika mbio hizo ni wale walioambiwa tangu utotoni kwamba kifua chao hakiwezi. Hao ndio waliokuwa wakiachiwa nguo za wenzao wakati wa kipindi cha michezo shuleni. Walipokua wakawa watazamaji wa kandanda, na sasa wakiwa watu wazima, daktari anapowaonya kuhusu uzito na shinikizo la damu, hawajui waanzie wapi.

Je, ushauri waliopewa ulikuwa sahihi? Sayansi ya tiba ilikwisha kutoa jibu zamani, na jibu lenyewe ni la. Mtu ambaye pumu yake imedhibitiwa anaweza kukimbia, kuogelea, kuendesha baiskeli na kucheza kandanda kama mtu mwingine yeyote. Mapafu yake hunufaika na mazoezi, na ugonjwa wenyewe huwa rahisi zaidi kuuhimili.

Wakenya wana sababu ya kulikumbuka jina la Paula Radcliffe wa Uingereza. Mwanamke huyo, anayeishi na pumu tangu usichana wake, alikimbia Marathoni ya London mwaka wa 2003 kwa muda wa saa 2:15:25. Rekodi hiyo ilidumu miaka 16, hadi Mkenya Brigid Kosgei alipoivunja mjini Chicago mnamo Oktoba 2019.

Lakini Radcliffe hakuwa akifanyia mazoezi yake Mutindwa saa kumi na mbili asubuhi, nyuma ya matatu inayotoa moshi mweusi. Hapo ndipo suala hili linapohitaji kuchambuliwa kwa makini, kwani mkazi wa Umoja mwenye pumu anakabiliwa na mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: ugonjwa wake na hewa anayoivuta.

Mtu akiwa ametulia huvuta takriban lita sita za hewa kwa dakika moja. Akikimbia kwa kasi, kiasi hicho hupita lita 60, na kwa mwanariadha aliyekomaa huweza kupita lita 100. Pua haiwezi kupitisha hewa nyingi hivyo. Mkimbiaji hulazimika kufungua kinywa, na hewa ambayo ingepashwa joto, kutiwa unyevu na kuchujwa vumbi puani huingia kifuani ilivyo.

Kwa asiye na pumu, hilo si hoja kubwa. Kwa mwenye pumu, njia za hewa huwa zimevimba ndani kwa ndani hata siku anayojihisi mzima. Hewa baridi na kavu huzichokoza, misuli inayozizunguka hukaza, kamasi huongezeka na mlio kama wa filimbi husikika anapotoa pumzi. Asubuhi za Juni, Julai na Agosti jijini Nairobi zina baridi ya kutosha kuleta hali hiyo hata pasipokuwa na moshi wowote.

Jambo linalowapotosha wengi ni wakati. Mara nyingi kifua hubana zaidi dakika tano hadi 15 baada ya mtu kusimama, wala si katikati ya mbio. Kisha hali hutulia yenyewe katika muda wa nusu saa hadi saa moja. Ndiyo maana mzazi humwona mwanawe akikohoa anaporudi kutoka uwanjani, akadhani ni mafua au vumbi la kawaida, na baada ya saa moja akalisahau jambo hilo.

Kwamba hali hii ni ya kawaida miongoni mwa watoto wa Nairobi si habari mpya. Mwaka wa 1998, jarida la kitabibu la Thorax lilichapisha utafiti wa kundi lililoongozwa na L. W. Ng'ang'a, uliohusisha wanafunzi 1,226 wa darasa la nne kutoka shule tano za Nairobi na tano za iliyokuwa Wilaya ya Murang'a. Watoto hao walipimwa nguvu ya pumzi kabla na baada ya mazoezi.

Miongoni mwa watoto wa jijini, asilimia 22.9 walipungukiwa na pumzi kwa asilimia 10 au zaidi. Mashambani idadi hiyo ilikuwa asilimia 13.2.

La maana zaidi lilikuwa hatua iliyofuata. Watafiti walipozingatia umri, historia ya pumu katika familia, elimu ya wazazi, matumizi ya kuni, makaa na mafuta ya taa jikoni, pamoja na moshi wa magari, pengo kati ya mji na mashambani lilipungua hadi likakosa uzito wa kitakwimu. Kwa maneno mengine, mtoto wa Nairobi hakuzaliwa na kifua dhaifu kuliko cha mwenzake wa Murang'a. Alichokuwa nacho ni barabara karibu na mlango na stovu ya mafuta ya taa chumbani.

Robo karne baadaye, mwaka wa 2023, jarida hilohilo lilichapisha utafiti mwingine uliopewa jina la Tupumue, ulioshirikisha Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI) na Chuo cha Tiba za Maeneo ya Joto cha Liverpool. Safari hii waliochunguzwa walikuwa wanafunzi 2,373 wa Mukuru na Buruburu, mtaa ulio ng'ambo tu ya Outer Ring ukitokea Umoja.

Asilimia 16.3 ya watoto wa Mukuru walikuwa na matatizo ya kupumua, na Buruburu, mtaa unaohesabiwa kuwa wa watu wenye nafasi, walikuwa asilimia 12.6. Lakini waliokuwa wameambiwa na daktari kwamba wana pumu walikuwa asilimia 1.2 pekee Mukuru na 2.8 Buruburu. Si kila anayekosa pumzi ana pumu, na takwimu hizo hazidai hivyo. Hata hivyo, tofauti kati ya mtoto mmoja katika kila wanane anayetatizika na watatu katika kila mia waliotambuliwa ni kubwa mno kuweza kupuuzwa, na hiyo ni Buruburu, wala si mtaa wa mabanda.

Utafiti huo ulipata pia kwamba, katika mitaa yote miwili, dalili zilihusiana na vumbi na moshi, kuchoma dawa ya mbu ya kuzungusha, mvutaji sigara nyumbani, taka kuchomwa karibu na makazi na kuishi karibu na barabara. Mkazi yeyote wa Umoja akiisoma orodha hiyo atadhani imeandikwa kwenye ploti yake.

Kwa hivyo, hatua ya kwanza kwa anayetaka kuanza mazoezi si kununua viatu. Ni kujua kama ana pumu na, ikiwa anayo, kama imedhibitiwa. Dalili kwamba haijadhibitiwa zinajulikana: kuamshwa usiku na kikohozi au kifua kubana, kuhitaji dawa ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, au kushindwa kufanya kazi za kawaida kama vile kupanda ngazi hadi orofa ya tano, jambo ambalo wapangaji wengi wa Umoja hulifanya kila siku kwa kuwa majumba hayana lifti. Aliye katika hali hiyo atafute tiba kwanza, mbio zitangoja.

Kuhusu tiba yenyewe, kuna kosa ambalo limeenea na ambalo linagharimu maisha. Inhela ya buluu, yenye dawa ya salbutamol, hulegeza misuli ya njia za hewa kwa dakika chache na kumpa mgonjwa nafuu ya haraka. Haitibu uvimbe ulio ndani. Kazi hiyo hufanywa na dawa za kuvuta za jamii ya steroidi, kama ile iliyomo katika inhela ya kahawia, ambayo hutumiwa kila siku hata mgonjwa akiwa hana dalili.

Wagonjwa wengi huiacha inhela ya kahawia kwa sababu hawahisi chochote wanapoivuta, nao huishikilia ya buluu kwa sababu inafanya kazi mbele ya macho yao. Nchini Uingereza, uchunguzi wa vifo 195 vilivyotokana na pumu uliotolewa mwaka wa 2014 ulibaini kwamba, miongoni mwa waliokuwa na rekodi kamili za dawa ya kutuliza, asilimia 39 walikuwa wameandikiwa zaidi ya mikebe 12 katika mwaka mmoja. Mkebe mmoja huwa na mipulizo 200. Anayemaliza mikebe mitatu au zaidi kwa mwaka anapaswa kumwona daktari, hata kama anajiona yu salama.

Tangu mwaka wa 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu unaofahamika kwa kifupi kama GINA umeacha kupendekeza inhela ya buluu pekee kwa watu wazima na vijana waliobaleghe. Badala yake unapendekeza inhela inayochanganya steroidi na formoterol, ambayo hutuliza na kutibu kwa pamoja, na inayoweza kuvutwa kabla ya mazoezi.

Tatizo ni bei. Dawa hiyo mchanganyiko ni ghali kuliko ya buluu, nayo ya buluu ni ghali kuliko vidonge vya salbutamol ambavyo duka la dawa litakuuzia bila swali. Vidonge hivyo hutetemesha mikono na kuufanya moyo uende mbio, na havipendekezwi tena kwa mwenye uwezo wa kupata inhela. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka wa 2023, ambayo mamlaka yake ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, iliunda hazina inayotaja magonjwa sugu kwa jina. Kwa mwenye pumu, mageuzi hayo yatapimwa kwa jambo moja: kama atatoka katika kituo cha afya cha mtaani akiwa na inhela ya kudhibiti, au atatoka na karatasi ya kwenda kuinunua.

Kwa aliye na dawa yake, taratibu za siku ya mazoezi si ngumu. Wale walioshauriwa kutumia salbutamol huvuta mipulizo miwili dakika 10 hadi 15 kabla ya kuanza. Hufuata kuupasha mwili joto kwa muda usiopungua dakika 10, kwa kutembea haraka na kukimbia mbio fupifupi zenye mapumziko. Jambo hili hudharauliwa sana, ilhali kwa takriban nusu ya wagonjwa huzipa njia za hewa kinga ya saa moja hadi tatu dhidi ya kubana. Mwisho wa mbio mtu asisimame ghafla, atembee taratibu. Asubuhi ya baridi, kitambaa chepesi mdomoni husaidia kuhifadhi unyevu na joto.

Michezo nayo haifanani. Mbio ndefu zisizo na kituo ndizo zinazochokoza kifua zaidi. Voliboli, mbio za masafa mafupi na kuogelea huwa nafuu, na kandanda ipo katikati, hasa kwa mlinda lango na mabeki. Mwalimu wa michezo mwenye kujua hilo hana haja ya kumweka mtoto pembeni.

Sasa tuje kwenye hewa. Usiku, hewa baridi hulala karibu na ardhi na kuuzuia moshi usipande. Magari yanapoanza kufurika alfajiri, moshi wake huongezeka juu ya ule wa majiko na wa taka zilizofuka usiku kucha. Jua likipanda, hewa hupata joto, hupaa na kuutawanya uchafu. Saa ambazo wakazi wa Umoja hupata nafasi ya kukimbia, yaani alfajiri na jioni, ndizo saa ambazo hewa huwa chafu zaidi. Mwenye kazi ya ajira hawezi kukimbia saa tano asubuhi, na kumshauri afanye hivyo ni kumdhihaki.

Kilicho ndani ya uwezo wake ni njia. Uchafu wa moshi wa magari hupungua sana mtu anapojitenga na barabara kuu kwa mita mia mbili hivi. Upanuzi wa Outer Ring uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika ulileta njia nzuri za wapita njia na za baiskeli, na ni haki wakazi kuzifurahia. Lakini kwa mwenye pumu, barabara za ndani zenye mashimo, mbali na Outer Ring na Kangundo, zina manufaa kuliko lami laini iliyo pembeni mwa malori. Mbio ndefu azihifadhi kwa Jumapili asubuhi, magari yanapopungua. Siku ambayo moshi wa taka unanukia mlangoni, afanyie mazoezi ndani ya nyumba au apumzike.

Kifua kikibana njiani, mtu asijikaze ili asiachwe na wenzake. Asimame, aketi wima wala asilale, alegeze nguo shingoni na avute dawa mpulizo mmoja mmoja, akipumzika nusu dakika hadi dakika nzima kati ya mmoja na mwingine, hadi mipulizo 10 ikihitajika. Anayeshindwa kumaliza sentensi, ambaye midomo yake inageuka rangi, au ambaye ngozi ya shingo na mbavu inaingia ndani kila anapovuta pumzi, hapaswi kungoja aone kama atapata nafuu. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki haiko mbali na Umoja, na mipulizo iendelee njiani.

Inhela inafanya kazi vizuri zaidi ikipitia kwenye chombo cha kuhifadhi mvuke wa dawa kabla haujavutwa. Vinavyouzwa ni ghali. Mwaka wa 1999, jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Heather Zar na wenzake kutoka Cape Town, Afrika Kusini, ulioonyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni tundu linaloshika inhela sawasawa, iliwasaidia watoto waliobanwa na pumu sawa na chombo cha kiwandani. Mtoto hupumua kupitia mdomo wa chupa. Chupa za aina hiyo zimejaa katika mitaro ya Umoja.

Kwa vijana wanaotaka kufika mbali katika riadha, ipo hofu nyingine kwamba inhela itawatia mashakani na wapimaji wa dawa za kusisimua misuli. Kanuni za shirika la kimataifa la WADA zinaruhusu salbutamol ya kuvuta hadi maikrogramu 1,600 kwa saa 24, na isizidi 600 katika saa nane zozote. Kwa inhela ya kawaida ya maikrogramu 100, hiyo ni mipulizo sita katika saa nane. Vidonge vya salbutamol, vile vile vinavyouzwa kwa bei nafuu, vimepigwa marufuku wakati wote. Kijana anayekimbilia vidonge kwa kuwa anaionea haya inhela mbele ya wenzake anajiweka katika hatari ambayo pengine hakuna aliyewahi kumweleza.

Yote hayo ni mzigo wa mtu binafsi, na si haki uishie kwake. Umoja ulijengwa miaka ya 1970 kwa ufadhili wa Marekani, nyumba za chini zenye nafasi ya kupumulia. Leo nyingi zimekuwa magorofa, ploti kwa ploti, na viwanja vilivyobaki ni vile vya shule na makanisa. Msitu wa Karura upo, lakini uko upande mwingine wa jiji, nao unataka nauli na ada ya kuingia.

Kaskazini mwa mtaa kuna jaa la Dandora, lililoanza kutumika mwaka wa 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001. Mwaka wa 2007, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) lilitoa ripoti kuhusu watoto na vijana 328 wanaoishi karibu na jaa hilo. Takriban nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo, na magonjwa ya kupumua, pumu ikiwemo, yalikuwa mengi. Julai 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa lihamishwe. Malori yameendelea kumwaga.

Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila Mkenya haki ya mazingira safi na yenye afya. Kaunti ya Nairobi haihitaji kungoja suluhisho la Dandora ili kuanza kuitekeleza Umoja. Kuzoa taka kwa wakati ili zisichomwe mitaani ni kazi ambayo wakazi tayari wanailipia kwa njia moja au nyingine. Kufungua viwanja vya shule za umma kwa wakazi wikendi, mita kadhaa kutoka barabara kuu, hakuhitaji mkopo wa benki.

Nazo shule zina jambo la kurekebisha hata kabla ya muhula ujao. Katika baadhi yake, inhela ya mwanafunzi hufungiwa ofisini pamoja na dawa nyingine, na mwenye ufunguo huenda yuko mkutanoni wakati mtoto anabanwa uwanjani. Inhela inapaswa kuwa mfukoni mwa mtoto aliyekomaa vya kutosha kuitumia, na ya mdogo iwe mkononi mwa mwalimu wa michezo, ikiwa na chupa yake iliyotobolewa, ndani ya mfuko uleule unaobebewa mipira.